Viazi vitamu visiozee stoo: namna ya kuvuna, kuponya vidonda na kuhifadhi

Kiazi kitamu kikishang'olewa bado kiko hai. Kinapumua, kinatoa joto, kinapoteza maji, na ile ngozi yake nyembamba ndo ulinzi wote kilionao. Fangasi wengi wanaoozesha viazi stoo hawana uwezo wa kutoboa ngozi nzima, wanasubiri wafunguliwe mlango, na wanaowafungulia ni jembe, ni fukusi (mdudu mdogo anayetoboa viazi), ni kiroba kinachorushwa kutoka juu ya kirikuu, na ni sisi tunaokwanyua kiazi kwenye shina kwa nguvu zote ili kazi iishe jua halijawa kali. Kwahiyo mtu akiniuliza ajenge stoo ya aina gani mi namuuliza kwanza anavunaje, maana unaweza ukajenga ya matofali ukaweka na feni ndani, afu ukaingiza viazi vilivyochubuka na vimevunwa na mvua, wiki mbili tu nyumba nzima inanuka.

Nitaongelea zaidi viazi vitamu vya huku kanda ya ziwa, Mwanza, Geita, Shinyanga, Kagera, ila mtu wa Gairo au wa Kabondo kule Homa Bay kazi ni ile ile. Muhogo na mbatata (viazi mviringo) nitavigusa huko mbele kwasababu watu wanavihifadhi kwa staili moja na viazi vitamu na hapo ndo wanapoumia.

Anayeozesha ni nani

Maabara huhitaji, macho na pua vinatosha, na inalipa kumjua mharibifu maana kila mmoja anakwambia tatizo lilianzia wapi.

Ukikuta kiazi kimelegea, ukikibonyeza kinachuruzika maji, ngozi bado ipo ila ndani hamna kitu, na penye ufa zimeota ndevu za kijivu zenye vichwa vyeusi vidogo, huyo ni Rhizopus. Huyu ndo msumbufu mkubwa wa viazi vitamu stoo na sokoni, sio Tanzania tu. Mara nyingi anaanzia kwenye ncha, pale kiazi kilipokatikia, na ana haraka ya ajabu, pakiwa na joto na unyevu kiazi kizima anakimaliza ndani ya siku 4 au 5. Harufu yake mwanzoni wala sio mbaya, inanukia pombe pombe, na wale inzi wadogo wa kwenye ndizi mbivu ndo wanaokuletea taarifa kabla hujaona chochote. Vijimbegu vyake viko kwenye hewa, kwenye udongo, kwenye vumbi la stoo, usijidanganye kwamba utamzuia asiingie, ataingia. Unachoweza ni kumnyima kidonda kibichi.

Ukikuta uozo ni mgumu, umeanzia kichwani kwa kiazi, nyama imekuwa kahawia afu ikageuka nyeusi tii, na ngozi imetoa vipele vidogo vyeusi ukipapasa vinakwaruza, huyo ni Lasiodiplodia theobromae. Anapenda nchi za joto kama zetu na ana subira, anachukua wiki kadhaa, ndo maana mtu anafungua shimo la kuhifadhia mwezi wa pili tangu avifukie anashangaa viazi vilivyokuwa vizuri kabisa vimekuwa vyeusi. Madoa ya mviringo ya kahawia, makavu, yasiyozama sana, hao ni kina Fusarium, japo kuna Fusarium mwingine anazama mpaka katikati na ukipasua unakuta mapango yenye utando mweupe. Na kuna uozo mweusi wa Ceratocystis, huu doa lake ni la duara, jeusi, limebonyea kidogo, na nyama chini yake ni chungu hata upike mpaka jioni. Huo unasambazwa na kreti chafu, maji ya kuoshea, wadudu, na marando (mashina yanayotambaa, ya kupandia) yaliyochukuliwa kwenye kiazi kigonjwa.

Kama kinanuka uvundo wa kweli kweli, ule wa kukimbiza watu, hapo bakteria nao wapo kwenye sherehe, na mara nyingi ni shamba lilituama maji.

Wiki mbili kabla ya kuvuna

Hatua ambayo watu wengi wanairuka na haina gharama yoyote: kata marando siku 7 hadi 14 kabla ya kuvuna, viazi viache ardhini. Ukiondoa majani kiazi kinaacha kukua, ngozi inakaza, na siku ya kung'oa hakichubuki hovyo. Marando yenyewe peleka bondeni ukayapande yawe mbegu au mpe ng'ombe, hamna kinachopotea. Ila angalia kitu kimoja, ukishakata majani ardhi inapigwa jua na inapasuka, na fukusi (wale weusi wembamba, Cylas) hawana nguvu ya kuchimba, wanapita kwenye nyufa hizo hizo kufuata kiazi. Kwahiyo pita na jembe ufukie nyufa, hasa pale tuta lilipopasuliwa na kiazi kikubwa.

Kujua ngozi imekaza chimbua viazi viwili vitatu, sukuma ngozi kwa dole gumba. Ikiteleza na kutoka bado, subiri. Isipotoka, twende.

Kuna wanaosema kwani shida iko wapi si viache tu ardhini nichimbue kidogo kidogo kila siku ya kupika, bibi zetu walifanya hivyo. Kweli, na ni njia nzuri sana mvua zikiwa bado zinagusa gusa. Shida ni kiangazi, udongo wetu ule mweusi wa mbuga ukianza kupasuka fukusi wanaingia kwa kasi, na kila tundu la fukusi ni mlango wa fangasi, tena kiazi kilicholiwa na fukusi kinakuwa kichungu chenyewe hata fangasi asipofika. Kwahiyo acha ardhini mpaka nyufa za kwanza, zaidi ya hapo unawalisha wadudu.

Na usivune udongo ukiwa tope. Tope linang'ang'ania kwenye kiazi, utalisugua, utachubua, na unyevu wake unaingia nao stoo. Sehemu ya shamba iliyotuama maji ivune mwisho na usiichanganye kabisa na vingine hata kama viazi vyake vinaonekana vizuri kwa macho, kiazi kilichokosa hewa majini kinaoza haraka sana, hivyo ni vya kula au kuuza siku hiyo hiyo.

Siku yenyewe

Anza asubuhi. Jembe lipige mbali na shina, ubavuni mwa tuta, lengo ni kubomoa tuta sio kufukua kiazi, afu malizia kwa mikono. Wavunaji wakate kucha, nasema kweli, kucha inaacha mikwaruzo midogo ambayo huioni siku hiyo ila baada ya wiki inajionyesha yenyewe. Kiazi ukikitenganisha na shina bakiza kikonyo kidogo, usikwanyue mpaka nyama ionekane, maana nimeshasema Rhizopus anapenda ncha. Udongo uliokauka futa taratibu kwa kiganja, ile tabia ya kugonganisha viazi viwili ili udongo udondoke acha. Na usioshe. Viazi vya kuhifadhi havioshwi, anayeosha ni anayepeleka sokoni leo, tena naye avikaushe kabla hajapakia.

Usiviache juani vikakaa mchana kutwa. Ngozi inaungua, panakuwa na doa lililopauka, na hapo doa ndo fangasi anapoanzia. Viweke chini ya mti huku mnaendelea.

Chombo cha kubebea kiwe kigumu pembeni, tenga lililotandikwa nyasi, ndoo, kreti, chochote ambacho uzito wa juu hauwabonyezi wa chini. Salfeti ni adui, na lumbesa ndo baba yao. Sijui kwanini tunaongelea lumbesa kama suala la kumpunja mkulima tu, ni la kumpunja kweli na Wakala wa Vipimo wanaipiga vita kila mwaka, ila hata ungelipwa kilo zote bado lile gunia lenye kilemba halibebeki na mtu mmoja, litaburuzwa, litarushwa, mtu atalikalia juu ya fuso toka Sengerema mpaka Mwanza mjini, na viazi vya chini vinafika vimevunjika na ngozi zimevuliwa. Kenya kwenye mbatata waliweka kanuni mwaka 2019 gunia lisizidi kilo 50, utekelezaji ni hadithi nyingine ila wazo ni sahihi.

Chagua bila huruma

Hapo hapo shambani tenga mafungu matatu. La kwanza, vilivyokatwa na jembe, vilivyovunjika, vyenye tundu la fukusi, vyenye doa lolote: hivi haviingii stoo hata kimoja. La pili, vyenye mikwaruzo midogo: hivi ni vya kula wiki hii na wiki ijayo. La tatu, vizima, vya saizi ya kati, hivi ndo vya kuhifadhi. Utaona fungu la tatu ni dogo kuliko ulivyotegemea na roho itakuuma, utataka uchomekee vile vya "kidogo tu". Usichomekee. Kimoja kinachooza na Rhizopus kinatoa maji yenye ugonjwa yanawashukia jirani zake wote.

Fungu la kwanza sio hasara, kwa Wasukuma dawa yake ipo miaka yote. Menya, kata vipande vyembamba, anika, hiyo ni michembe. Au chemsha kwanza ndo ukate na kuanika, hayo ni matobolwa. Ila fanya siku hiyo hiyo au kesho yake, usisubiri mpaka vianze kulegea ndo useme nitengeneze michembe, ukungu ulioingia ndani hauondolewi na jua. Anika juu ya chanja au turubai safi sio chini kwenye vumbi, vipande viwe vyembamba na vilingane, jioni ingiza ndani umande usivipate, na usihifadhi mpaka kipande ukikikunja kinavunjika na kulia. Kikipinda bado kina maji na kitaota ukungu ndani ya kiroba.

Kuponya vidonda, hapa ndo kazi yote ilipo

Hata uvune kwa adabu vipi kila kiazi kitakuwa na kidonda, angalau pale kilipoachana na shina. Habari njema ni kwamba kiazi kinaweza kujiponya chenyewe kama ukikipa mazingira. Seli za juu zinakauka, za chini yake zinajijaza lignini, kitu kile kile kinachofanya mti uwe mgumu, na baada ya hapo inajengeka ngozi mpya chini yake. Ngozi hiyo ikikamilika Rhizopus anapita tu. Wenzetu wenye vyumba maalum wanaweka viazi kwenye joto la nyuzi 29 hadi 32 na unyevu wa hewa asilimia 85 mpaka 95 kwa siku 4 hadi 7, ndo vinaingia stoo.

Sasa sisi joto la mchana tunalo la bure, Mwanza inafika 28, 30 bila kuhangaika. Tunachokosa ni vitu viwili, unyevu wa hewa kiangazi na joto la usiku. Na hapo ndo watu wanakosea, wanaanika viazi juani siku mbili wanasema "vimekauka vizuri". Vimekauka ndio, ila havijapona. Kwenye hewa kavu kidonda kinasinyaa kabla lignini haijajengeka, juu panaonekana pagumu na chini hamna ngozi mpya, siku ya kwanza kiazi kikipata unyevu mlango uko wazi.

Fanya hivi. Tafuta kivuli chenye paa, kibanda, jiko lisilotumika, baraza. Tandika nyasi kavu kama za kuezekea, panga viazi (panga, usimwage) rundo lisizidi kimo cha goti, funika na nyasi tena, afu juu ya nyasi weka magunia ya katani uliyolowesha na kuyakamua mpaka yasidondoshe. Gunia lisiguse kiazi. Pembeni weka ndoo mbili tatu za maji wazi, zinasaidia hewa isikauke. Mchana acha pembeni pawe na upenyo hewa iingie, usiku funika rundo lote na turubai ili lile joto ambalo viazi vyenyewe vinalitoa lisikimbie, asubuhi fungua, usisahau kufungua, viazi vinapumua na ukivifungia kwenye nailoni kutwa vinatoa jasho, na jasho likidondoka kwenye kidonda umewaita wageni wote niliowataja juu. Unyevu wa hewani tunautaka, tone la maji juu ya kiazi hatulitaki, shika hiyo.

Kwasababu usiku wetu unapoa, siku 4 hazitoshi, hesabu wiki nzima mpaka siku 10. Ukiweza nunua kile kipima joto na unyevu cha digitali, maduka ya vifaa vya kuku wanavyo, kitakutoa kwenye kubahatisha. Kujua vimepona angalia pale palipokuwa na mkwaruzo, pasugue na dole, pakiwa pakavu, pagumu, ngozi haivuki tena, tayari. Macho ya kiazi yakianza kuvimba kuchipua umechelewesha, toa haraka.

Viazi lishe, zile za rangi ya chungwa, Kabode, Ejumula na wenzao, vina maji mengi kuliko vile vyeupe vya unga tulivyozoea. Kuna watu wanavisema vinaoza haraka na kuvikataa moja kwa moja. Mi naona vingi vinaonewa, vinatoka shambani kwa mradi vikiwa vimeoshwa viking'aa kwa ajili ya picha, vikajazwa kwenye salfeti, unategemea nini.

Shimo au mchanga

Joto zuri la kiazi kitamu stoo ni nyuzi 13 hadi 15 na hilo kwetu bila umeme halipatikani, labda uwe Makete. Na kabla hujasema friji: kiazi kitamu kibichi hakipendi friji. Chini ya nyuzi 12 kinaumia na baridi ndani kwa ndani, ukikitoa kinabaki na kiini kigumu kisichoiva na fangasi wanakimaliza. Kwahiyo tunachotafuta ni sehemu yenye ubaridi wa wastani usiobadilika badilika, na hiyo ni chini ya ardhi.

Chagua sehemu iliyoinuka, maji yasipotuama, chini ya paa au kivuli cha mti mkubwa. Chimba shimo la nusu mita mpaka mita moja, upana kadri ya mzigo, na liache wazi siku kadhaa likauke. Kama shimo lilikuwa na viazi mwaka jana, toa nyasi zote kuukuu ukazichome mbali, kwangua kuta na washa moto wa nyasi ndani, afu ulisubiri lipoe kabisa. Tandika nyasi kavu chini na pembeni unene wa kiganja, panga viazi vilivyopona, nyasi tena juu, halafu udongo unene wa kiganja mpaka viwili. Katikati simamisha bomba la hewa, mwanzi uliotobolewa au hata tita la matete lililofungwa, lianzie kwenye viazi litokeze juu ya udongo, mdomoni weka wavu au kitambaa panya asishuke. Juu jenga kipaa cha nyasi na kuzunguka chimba mfereji. Bila mfereji mvua moja ya ghafla inageuza shimo kuwa kisima.

Kwa mzigo mdogo wa nyumbani mchanga unatosha. Boksi la mbao, au kona ya chumba iliyozungushiwa matofali, mchanga mkavu uliopoa (ukiutoa juani usiutumie ungali moto), safu ya mchanga safu ya viazi visivyogusana, mpaka juu. Uzuri wa mchanga ni kwamba kimoja kikioza maji yake yananywewa na mchanga na jirani anapona, ubaya wake ni kazi ya kufukua. Majivu nayo watu wanachanganya, sina ugomvi nayo, yanakausha juu ya ngozi, ila usiyaite dawa, kiazi chenye kidonda hakiponi kwa kupakwa majivu.

Kwa kufuata yote haya miezi miwili mpaka mitatu inawezekana kabisa, wakati kiazi kilichorundikwa tu kwenye kona ya jiko kinamaliza wiki moja mbili. Aina ya kiazi nayo ina mchango, usijaribu na mzigo wote mwaka wa kwanza.

Ukaguzi, na ng'ombe

Kila baada ya siku chache nusa kwenye lile bomba. Harufu ya udongo na nyasi, sawa. Harufu ya pombe au inzi wadogo wanazunguka, fungua leo, sio Jumamosi. Usifungue fungue kwa udadisi, kila ukigeuza viazi unaongeza michubuko na unaanza upya, mara moja kwa wiki tatu nne inatosha kama pua haijalalamika. Ukitoa vilivyooza toa na vilivyolowa maji yake, hata kama ni vizima, hivyo vipike siku hiyo.

Viazi vilivyooza usimpe ng'ombe. Hii naisisitiza kwasababu ni tabia ya kila boma, kilichoharibika anapewa mfugo. Kiazi kitamu kikishambuliwa na fangasi, hasa Fusarium na ule uozo mweusi, chenyewe kinatengeneza sumu za kujihami, na baadhi ya sumu hizo ndani ya tumbo la ng'ombe zinaenda kuharibu mapafu. Mnyama anaanza kupumua kwa shida, anatanua shingo, mdomo unatoa povu, na anaweza kufa ndani ya siku chache, tiba ya uhakika haipo. Kupika hakuziondoi zote. Kwa binadamu kanuni ni fupi: doa dogo kavu, kata pana, toa na nyama nzuri inayolizunguka vidole viwili hivi, kilichobaki kikiwa na uchungu wowote tema na utupe. Kilicholegea au chenye ndevu hakikatwi, kinafukiwa mbali na shamba la viazi, sio kwenye mboji utakayoirudisha kwenye matuta.

Dawa sasa, maana lazima mtu aulize. Zile dawa za ukungu za kupulizia nyanya usiweke kwenye viazi vya kuhifadhi, hazikuandikiwa kazi hiyo na utazila. Dawa ya klorini ya kufulia iweke kwenye vyombo, kreti na mapanga, na osha tope kwanza kwa maji na sabuni maana klorini ikikutana na udongo inaisha nguvu hapo hapo. Vikauke juani ndo uvitumie.

Vya mbegu

Kama unachohifadhi ni kwa ajili ya marando ya msimu ujao, kuna njia ya mchanga iliyofanyiwa kazi na wakulima wa Uganda na kanda ya ziwa pamoja na Kituo cha Kimataifa cha Viazi (CIP), inaitwa Triple S (kwa Kiingereza Storage, Sand, Sprouting, yaani kuhifadhi, mchanga, kuchipusha). Unachukua viazi vidogo vya kati visivyo na fukusi kutoka kwenye mashina yasiyo na dalili ya virusi, unavipanga kwenye beseni lenye mchanga mkavu, unaweka ndani sehemu yenye ubaridi, kila mwezi unatoa vilivyooza. Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua unavipanda kwenye kitalu karibu na maji, unamwagilia, na mvua ikigonga una marando yako wakati wenzako wanahangaika bondeni. Ukikata marando kitaluni kata sentimita chache juu ya udongo, using'oe, maana ugonjwa wa kwenye kiazi unapanda na kile kipande cha chini.

Muhogo na mbatata

Muhogo ni kesi tofauti kabisa. Ile michirizi ya bluu nyeusi unayoiona siku ya pili ya tatu baada ya kung'oa sio fangasi, ni muhogo wenyewe unaungua kwa ndani ukikutana na hewa, fangasi na bakteria wanakuja baadae kumalizia. Kwahiyo usitegemee kuponya vidonda kwa mtindo wa viazi. Uache ardhini mpaka uwe na mteja au jua la kuanikia, na ukiweza kata mashina wiki mbili tatu kabla ubakize kisiki kifupi, inachelewesha ile michirizi.

Mbatata za Njombe na Mbeya kanuni ya kidonda ni ile ile, kata majani wiki mbili kabla, vuna udongo mkavu, ila kuponya kwake kunataka ubaridi zaidi, nyuzi 10 mpaka 20 kwa wiki mbili hivi, na giza, giza kabisa, mwanga unaifanya kijani na chungu na hiyo ni sumu. Stoo ile ya mwanga hafifu unayoiona kwa wakulima ni ya mbegu, sio ya chakula. Mbatata yenye doa la kahawia lililobonyea, ukikata ndani nyama ina rangi ya kutu, hiyo imeshapata ugonjwa wa ukungu wa majani toka shambani, usiiweke na wenzake hata usiku mmoja.